Tonge la Munira

Mdogo wangu Munira hakuumbwa na woga. Nyoka aliyeingia hemani kwetu jangwani, majira ya baridi, alimuua yeye kwa kiatu, wanaume wakiwa wamepanda juu ya magari wakimpa ushauri. Mumewe alipofariki, Mungu amrehemu, mashemeji walikuja kutoa pole huku macho yao yakipima vyumba, akawatoa nje wao na pole zao. Huyo ndiye Munira ninayemjua mimi. Kisha akaenda kukatwa tumbo, na aliporudi nikakuta nina mdogo anayekimbia yai la kuchemsha.

Operesheni yenyewe, hii ya kupunguza unene, si habari. Hapa kwetu Kuwait kila nyumba ina mtu wake, na katika ukoo wetu waliobaki na matumbo waliyozaliwa nayo wanahesabika. Ijumaa tukikusanyika kwa mama, sinia linarudi jikoni karibu kama lilivyotoka, na mpishi anasonya. Daktari anakata sehemu kubwa ya tumbo, anakuachia kipande chembamba kama ndizi, basi. Kazi iko baada ya hapo. Unaanza na maji ya supu, unaingia kwenye uji, unaingia kwenye vya kupondwa, halafu polepole unarudi kwenye chakula cha watu wenye meno. Munira alifika kwenye vya kupondwa akapiga kambi.

Mtaalamu wa lishe alikwisha kumruhusu kitambo. Kuku, samaki, nyama laini, ale tu, kidogo kidogo, atafune sana. Yeye akaendelea kuchuja supu kwa chujio la chai. Punje ya wali ikipenya, anaiopoa kwa ncha ya kijiko na kuiweka kando kama aliyeokota kucha. Yote haya kwa sababu ya binamu yetu Hussa, ambaye alirudia mkate mapema mno, ukamkwama, akayamwaga yote harusini mbele ya wageni, na video ikazunguka nchi nzima kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Munira aliiona ile video. Tangu siku hiyo akajiaminisha kwamba kitu kigumu kikishuka tu, mshono wake utafumuka kama foronya kuukuu.

Nilipambana naye. Nilimpikia samaki, nikamtoa miiba kwa vidole vyangu hivi, akampa paka. Nikampelekea mayai, yakaenda kwa paka. Paka akafika mahali haruki tena ukuta, nikamwambia Munira sasa tumtafutie na paka daktari. Alicheka, lakini alicheka ameegemea mlango, maana siku hizo alikuwa akiinuka tu anaona giza. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Daktari alimwambia wazi kwamba asipoanza kula atamlaza tena na kumtia dripu. Siku moja nilimuuliza kama hata njaa haimwumi.

"Dada, njaa siikumbuki," akaniambia. "Ninachosikia ni hofu tu."

Nilitoka kwake nikalia ndani ya gari. Mimi si mtu wa kulia, mimi ni mtu wa kufoka, kwa hiyo mjue nilikuwa nimefika wapi.

Na yote yalikuwa siri. Kwa watu tulisema Munira amepungua kwa kutembea asubuhi ndani ya jengo la maduka, wanakotembea wanawake wote wa rika letu kwa sababu ya kiyoyozi. Sababu ya siri ilikuwa moja, na jina lake Bibi Modhi. Duaij, mtoto wa pekee wa Munira, alikuwa ametia moyo wake kwa binti mmoja wa mtaa wa Qadsiya, Wadha binti wa Mama Fawaz, na katika nyumba hiyo asemaye ni Bibi Modhi, nyanya yake binti. Sasa Bibi Modhi ameshasema mbele za watu, tena matangani, kwamba wanaokwenda kukatwa matumbo wanaikataa riziki ya Mungu kwa kisu, na kwamba hatakubali damu yake ichanganyike na ya watu wa namna hiyo. Duaij alimwomba mama yake kitu kimoja tu, posa imalizike kwanza, mengine watayasema baadaye. Munira akaapa. Nikaapa na mimi, ingawa ulimi uliniwasha.

Siku ya posa ya wanawake ikafika. Nilikwenda kumchukua kwa gari, nikamkuta amevaa vizuri, ameupaka uso rangi ya afya ambayo hakuwa nayo. Njiani alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama mtoto wa mtu. Nikamuuliza atafanyaje chakula kikija, maana Mama Fawaz hamwachi mgeni aondoke na tumbo tupu. Akaniambia ameamua. Leo atakula. Matonge mawili ya nyama, kufa kupona, ili Bibi Modhi asishuku lolote. Ila masharti ya mtaalamu wa lishe ni kwamba kinywaji na chakula visikutane, lazima nusu saa ipite katikati, kwa hiyo toka dakika hiyo hatagusa kimiminika chochote. Nikamwambia sawa, nikafurahi kama mjinga. Wala sikuikumbuka kahawa.

Tukapokewa vizuri mno. Ubani, salamu ndefu, mabusu ya bega. Bibi Modhi alikuwa ameketi kwenye takia lake pale mbele, tasbihi mkononi, macho yameingia ukungu lakini masikio ya popo. Shangazi wawili wa binti walikaa upande wake mmoja, na Wadha mwenyewe akaingia kutusalimu, msichana mwembamba, mpole, mwenye macho yanayoona kila kitu. Nilimpenda hapo hapo. Mama Fawaz akatumiminia kahawa kwa mkono wake.

Munira akatoa maneno yake, na akayatoa kwa ufasaha, nikajivuna. Alisema wamekuja kuomba mkono wa Wadha kwa ajili ya Duaij, na kwamba wangeheshimika sana. Mama Fawaz akamtazama Bibi Modhi, Bibi Modhi akainamisha kichwa kidogo, na Mama Fawaz akajibu kama inavyojibiwa tangu zama za mababu.

"Kunywa kahawa yako, Mama Duaij. Ulilolijia umelipata."

Munira akatabasamu kwa furaha ya kweli, akashukuru, akakiweka kikombe chini. Kimejaa.

Wenzangu, kwetu kahawa ina sheria zake, na kwenye posa sheria hizo hazina mchezo. Mwenye ombi huweka kikombe bila kukigusa, mwenyeji humkubalia, mwenye ombi hunywa, mambo yameisha. Asipokunywa, basi alichopewa hakijamtosha, lipo jingine. Aseme kwa mdomo kwamba hana neno, hakuna wa kumsikiliza, maana mdomo una adabu za kujifunza na kikombe hakina. Munira anayajua haya kuliko mimi. Lakini siku hiyo kichwa chake kizima kilikuwa tumboni, kahawa aliiona ni kimiminika tu.

Nikamkanyaga mguu. Akanitazama kama anayeuliza nimepatwa na nini. Mama Fawaz akarudia, kunywa, mama, inapoa. Munira akasema baadaye, Inshallah. Masikini ya Mungu, hilo la baadaye ndilo lililoharibu kabisa.

Nilimwona Mama Fawaz anavyopiga hesabu usoni. Familia yake ilikuwa imeomba vijana wapangiwe nyumba yao wenyewe, mbali na mama mkwe, na sisi tulishakubali bila ugomvi. Sasa akakohoa, akasema kwamba kuhusu ile nyumba, wamefikiri tena, Wadha ataishi ghorofa ya juu kwa Mama Duaij, ni heshima kwao. Munira akaduwaa. Alikuwa keshaipangisha ile ghorofa kwa mwalimu wa Kimisri na mkewe. Akasema hapana, hana haja, kwa kweli hana. Shangazi wa binti wakatazamana. Hana haja, na kikombe kimejaa.

Hapo Munira akashtuka, akakitazama kile kikombe, akaelewa. Niliona rangi ikimtoka chini ya rangi. Mkono ukaanza kwenda kukichukua, na saa hiyo hiyo sinia la machbus likaingia, mwanakondoo mzima juu ya wali, moshi unafuka, na Mama Fawaz, kwa hofu aliyokuwa nayo, akanyofoa pande la nyama ya bega na kumwekea Munira mbele kabla hata bismillah haijasemwa. Sasa mdogo wangu akawa katikati. Akinywa, hawezi kula, na asiyekula kwa Bibi Modhi anajulikana ni nani. Akila, hawezi kunywa, na kikombe kinaendelea kusema. Akachagua nyama. Akanyofoa kipande, kwa kihoro akanyofoa kikubwa, akakitia kinywani.

Akatafuna. Nikamwombea dua kimoyomoyo. Akatafuna tena, akafika pale pa kumeza, koo likakataa. Nilimwona kabisa, shingo inainuka, inarudi chini, macho yanajaa machozi. Hawezi kumeza, hawezi kutema mbele ya mkwe wake, hawezi kusema neno. Mkono ameubana kifuani. Mimi ninayejua nilijua ni hofu. Wasiojua waliona mwanamke aliyekasirika hadi kulia.

Bibi Modhi akauliza kwa sauti ndogo, Mama Duaij amekunywa? Wakamwambia bado.

Mama Fawaz akavunjika. Lililobaki lilikuwa moja, na kila mtu chumbani alilijua. Wadha alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa meno nje ya nchi, kitu alichokihangaikia tangu utotoni, na Duaij alikuwa ameahidi kwenda naye. Watu wengine walisema mama mkwe hawezi kufurahia mwanawe wa pekee kupelekwa ng'ambo. Mama Fawaz hakumtazama bintiye. Alisema, akiangalia zulia, kwamba kama jambo ni ile safari ya masomo, basi, Wadha hataondoka.

Wadha alikuwa ameshika bakuli la dakusi, ile nyanya ya pilipili. Alilitua pale pale alipokuwa, taratibu, bila kumwaga. Uso wake tu ulizima, nami moyo ukaniuma kama ni binti yangu.

Munira akatikisa kichwa, hapana, hapana, kwa nguvu zote, mashavu yamejaa nyama. Shangazi mmoja akanong'ona kwa hasira, jamani, hata hilo halimtoshi, anataka figo zetu? Hapo nikasema liwalo na liwe, kiapo nitakitolea kafara, nikafungua mdomo nimwage mtama wote kwenye kuku wengi.

Wadha akanitangulia. Alikuwa amemkazia macho Munira, ule mkono kifuani, ile shingo. Akampita mama yake, akapiga magoti mbele ya mdogo wangu, akamshika kiganja.

"Mama, usimeze bado," akamwambia, polepole, kama wamebaki wawili tu duniani. "Hilo tonge ni kubwa, ligawe kinywani. Tafuna mpaka liwe uji. Pumua kwa pua. Hakuna anayekukimbiza."

Munira akamtazama kama aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemjua. Akaanza kutafuna.

"Ukiona linakubana hapa kifuani, unalitema kwenye kitambaa, hakuna aibu. Mshono haufumuki. Mimi pia niliota kila siku kwamba utafumuka. Haufumuki."

Chumba kizima kilisikia. Mama Fawaz akajifunika uso kwa mtandio. Na kutoka kwenye takia, sauti ya Bibi Modhi ikauliza, tena kwa utulivu unaotisha, mjukuu wake amejuaje habari za mshono. Wadha aligeuka. Hakukiachia kile kiganja.

"Bibi, na mimi nilikatwa tumbo. Ile mara mliyoambiwa ni apendiksi."

Tasbihi ya Bibi Modhi ilisimama. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Apendiksi," akasema mwishowe. "Mimi nilifunga siku tatu kwa ajili ya apendiksi hiyo. Nikakuletea harisi ya ngano na nyama hospitalini, nikakulisha kwa mkono wangu, bakuli zima."

"Ilirudi yote, bibi. Ulipotoka tu."

Shangazi mmoja akakohoa kicheko. Bibi Modhi akageuza uso wake upande huo, akauliza ni nani mwingine humu ndani mwenye apendiksi, aseme leo yaishe. Yule shangazi akaanza kulikagua zulia. Na wa pili akalikagua. Halafu uso wa bibi kizee ukalegea, na nilichokiona pale hakikuwa hasira, kilikuwa uchungu wa mtu aliyegundua kwamba watoto wake wanamwogopa.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Mngenificha mpaka mnizike." Kisha akapapasa hewani kuelekea aliko Munira. "Na wewe, mwanangu, tafuna. Sisi tupo."

Tukamngoja, wanawake wazima, tumeacha nyama inapoa, tunaangalia mdomo wa mtu. Munira akatafuna mpaka sijui kilichobaki kilikuwa nini. Akafumba macho. Shingo ikainuka, na safari hii ikashuka nalo. Akakaa ametulia, mkono kifuani, anasikiliza. Mimi pumzi nilikuwa nimeiacha sijui wapi.

"Limeshuka," akasema. "Limeshuka, na limekaa."

Akalia, tena kwa sauti, rangi yote ya afya ikamshukia mpaka kwenye kidevu. Wadha akalia. Mama Fawaz akalia kwa sababu zake nyingi. Mimi nilifoka tu, nikamwambia Munira kama angenisikiliza toka mwanzo tusingefika huku, na nikajipangusa pua kwa mtandio wa mtu mwingine.

Akala la pili, dogo kama kokwa ya tende, Wadha akiwa ubavuni anamkumbusha atue, apumzike. Halafu akasukuma kisahani. Akakinyooshea kidole kile kikombe, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa.

"Mama Fawaz, kikombe changu bado kimejaa, kwa hiyo bado nina haki ya kuomba," akasema, na huyo sasa alikuwa Munira wangu, yule wa nyoka. "Nyumba yao waliyotaka, waipate. Masomo, aende, tena aende mapema, na mwanangu ambebee vitabu. Mimi nina ombi moja. Mpaka siku ya kuondoka, huyu binti awe anakuja kula na mimi chakula cha mchana. Peke yangu naogopa."

Bibi Modhi ndiye aliyejibu, akasema kunywa, mwanangu, ulilolijia umelipata na nyongeza yake.

"Siwezi kunywa," akasema Munira. "Lazima nusu saa ipite."

Basi tukakaa. Posa ya watu wawili wa familia za heshima ilingojea tumbo la mdogo wangu. Hakuna aliyeweza kusema imekwisha, hakuna aliyeweza kupiga kigelegele, sinia likarudi jikoni, na kila baada ya kitambo Bibi Modhi anauliza, bado? Tunamwambia bado. Wale shangazi, kwa kuwa mambo yalishakuwa wazi, wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyepungua zaidi. Muda ulipofika Mama Fawaz alitaka kumwaga ile iliyopoa amtilie ya moto. Munira akakataa. Akainywa ile ile, baridi, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba imetosha, na vigelegele vikapasua dari.

Njiani kurudi hakuukumbatia mkoba. Aliutupa kiti cha nyuma. Tulipokaribia kwake, akasema, "Dada." Nikamwitikia. Akasema kuna kitu tumboni. Nikapata kiwewe, nikasimamisha gari kando ya barabara, nikamuuliza ni maumivu, ni kichefuchefu, ni mshono, nimpeleke hospitali.

"Hapana," akasema, anajishika tumbo kwa mikono miwili, anashangaa. "Ni njaa."

Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka yule samaki wangu wa kutolewa miiba, na paka ajitafutie.